Chupa mbili za dawa na Carina ya Mzee

Poleni kwa kimya kirefu. Si kwamba nimewasahau, ni hizi testi zinazofuatana kama mabasi ya asubuhi, na wengine tuna carry ya mwaka wa kwanza inayotufuata kama kivuli. Leo nimemaliza moja ya saikolojia ya elimu, rumeti wangu amelala fofofo, nami nimeona nitue mzigo nilioubeba tangu Juni 2024. Wengi mnajua nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, hapa Mkwawa, Iringa. Kwa hiyo mkisikia naongelea oili za magari msicheke. Mimi si fundi. Mimi ni mtu aliyekaribia kuua injini ya baba yake kwa hela ya bumu.

Nianze na gari lenyewe. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yuko Makambako. Alipopata mafao yake alimalizia nyumba, na kilichobaki akanunua Toyota Carina, ile TI, toleo la 1995, injini ya 5A, cc 1,498. Anaendesha teksi mwenyewe. Hilo gari ndilo linalomsomesha mdogo wangu chuo cha uuguzi, ndilo linaloleta unga nyumbani, na mimi bumu likichelewa ndilo linalonitumia elfu kumi kumi kwenye simu. Saa ya kilomita ilikuwa imeshapita laki tatu. Kwa hiyo tunapoongelea ile Carina hatuongelei chuma, tunaongelea mtu wa sita katika familia.

Mwezi wa tano Mzee akanipigia. "Mwanangu, gari limeanza kuvuta sigara." Akamaanisha moshi. Asubuhi akiwasha linatoa moshi wa bluu, halafu unapungua, na oili inashuka. Kila wiki anaongeza kidogo. Mimi nikamjibu kwa sauti ya msomi kabisa: "Baba usijali, nitalishughulikia." Jamani, hiyo sentensi naijutia mpaka leo.

Bumu lilipotoka nikaenda duka la spea mjini. Kijana wa pale akanisikiliza nusu dakika, akatoa vitu vitatu bila hata kufikiri. Cha kwanza, dumu la lita nne la oili nzito, SAE 50 tupu. Akasema, "Gari la zamani linataka oili ngumu, namba kubwa ndiyo nguvu." Cha pili, chupa ya dawa ya kusafisha injini, ile unayomimina kwenye oili chafu kabla hujaimwaga. Cha tatu, chupa ya dawa ya moshi, nzito kama asali, ya kuchanganya na oili mpya. Jumla ikaja elfu themanini na tano. Nilitoa hela huku najisikia mwanaume. Kichwani nilishaiona picha: kijana wa chuo kikuu anarudi nyumbani, anatibu gari, mama anapiga vigelegele.

Ijumaa nikashuka Ipogolo, nikadaka basi, jioni niko Makambako. Anayeijua Makambako ya mwezi wa sita anajua baridi yake. Asubuhi ya Jumamosi nikamimina dawa ya kusafisha. Kwenye chupa waliandika injini iungurume dakika kumi ikiwa imesimama. Mimi nikasema uchafu wa laki tatu hauwezi kutoka kwa dakika kumi, nikaacha dakika ishirini na tano. Tukamwaga. Ilitoka nyeusi tii kama lami, na mimi nikafurahi, nikamwonyesha Mzee: "Unaona uchafu huo, Baba!" Tukaweka filta mpya, oili nzito, na ile asali juu yake. Jumapili moshi ulikuwa umepungua kweli. Mzee akaenda nalo kanisani, akawaambia wazee wenzake kwamba mwanawe ndiye amelitengeneza. Nilirudi Iringa kifua mbele.

Siku ya kumi na moja, asubuhi na mapema, Mzee amebeba abiria anapanda kilima, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Hapa ndipo uzee wake ulipotuokoa. Hakusema nifike kwanza, hakusema labda ni taa mbovu. Alisogea pembeni, akazima, akamrudishia abiria hela yake. Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji.

Nilisafiri tena, safari hii bila kifua mbele. Fundi, mzee mmoja mpole wa makamo ya baba yangu, alishafungua sampu, lile bakuli la chini linalokusanya oili. Akanionyesha chujio, ule wavu ambao pampu inavutia oili. Ulikuwa umezibwa na vipande vyeusi, vigumu, kama ukoko wa ugali. Akasema, "Uchafu huu ulikuwa umekaa kwa amani miaka yote. Mtu kauamsha ghafla, haukuyeyuka wote, umebanduka vipande. Umekuja kuziba hapa. Halafu oili yenyewe nzito, asubuhi ya baridi, itapitaje?" Bearing za kon-rodi zilikuwa zimeanza kuchubuka. Akasema Mzee angeendelea dakika chache tu injini ingenoki, na tungekuwa tunatafuta injini nyingine.

Kisha akauliza, huku anafuta mikono, "Nani aliweka dawa humu?"

Mzee akajibu, "Mimi."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Fundi akamwambia maneno, kwa heshima lakini maneno: kwamba mzee mzima tena mwalimu anadanganywa na chupa za dukani. Baba akawa anaitikia tu, "Kweli fundi, kweli." Na mimi, wadau, nilinyamaza. Nilitazama chini nikajifanya nachunguza lile chujio.

Gari lilikaa gereji siku tisa. Siku tisa bila teksi ni siku tisa bila hela. Ada ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa, akarudishwa nyumbani wiki ya majaribio. Mama akakopa VICOBA. Mpaka leo mdogo wangu anaamini ni gari lilizeeka tu.

Siku zile tisa nilishinda pale gereji, nusu kwa aibu na nusu kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Ndipo nikajifunza ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kutoa hela. Nawaandikia kwa sababu najua wengi wenu nyumbani kuna Corolla, Mark II au Hiace ya zamani, na siku moja mtapigiwa simu kama mimi.

La kwanza, moshi una lugha yake. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo imekufa. Hata huo wa bluu una aina zake. Ukitoka asubuhi unapowasha halafu ukapungua, mara nyingi ni mipira ya valvu imekauka, oili inadondoka usiku kucha kupitia kwenye valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu, hapo shuku ringi za pistoni. Sasa rudini juu msome Mzee alivyoniambia kwenye simu. Alishanipa jibu lote! Mimi sikusikiliza, nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa.

Fundi hakubahatisha. Alipima mgandamizo wa kila silinda kwa saa yake, zote nne zikakaribiana, kati ya 160 na 170 psi. Kwa injini ile hizo ni ringi nzima. Akanieleza kwamba silinda moja ingeshuka sana angemimina kijiko cha oili mle ndani na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Ugonjwa wa Carina yetu ulikuwa mipira ya valvu, kumi na sita, kwa kuwa injini ina valvu kumi na sita. Seti yake ilikuwa bei ya chini kuliko zile chupa zangu mbili. Acha hiyo iingie polepole, maana mimi ilinichoma.

La pili, namba za oili. Hapa nilijiona mjinga wa kupindukia, maana mnato tumeusoma kidato cha tano! Kile kigololi kinachozama kwenye glisarini, sheria ya Stokes, mnakumbuka? Nilipata alama nzuri tu. Lakini dukani sikuunganisha. Namba ya SAE si nguvu, ni mnato. Ukiona 20W-50 au 15W-40, ile herufi W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Ndogo ni nyepesi zaidi wakati wa kuwasha. Namba ya nyuma hupimwa kwenye nyuzi joto 100, yaani injini ikiwa imeshachemka. Kwa hiyo 15W-40 ni nyepesi asubuhi kuliko SAE 50 tupu, halafu ikichemka inabaki na uzito wa 40. Ile SAE 50 yangu haikuwa na W yoyote, haina ahadi yoyote kuhusu baridi. Injini huchakaa sana pale mwanzo, oili haijafika juu kwenye kemshafti. Mzee alishaniambia kwamba tangu nibadilishe, asubuhi injini inalia tik-tik-tik kama cherehani. Nikamwambia itazoea. Itazoea! Kama mtoto mgeni shuleni.

Simaanishi oili nzito ni mbaya popote. Injini iliyochoka kweli, iko Dar au Tanga kwenye joto, 20W-50 inaweza kuifaa sana, inapunguza kuungua kidogo na presha inasimama. Lakini unapanda hatua moja kwa sababu, na ndani ya kile kitabu cha gari kinachoruhusu. Huruki mpaka juu kwa sababu kijana wa duka amesema namba kubwa ndiyo nguvu.

La tatu, na hili watu wengi hawaliangalii, ni herufi. Nyuma ya dumu pana alama za API. Inayoanza na S ni ya injini za petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na nyingi zina zote mbili. Herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SF, SG, SH, SJ, SL, SM, SN, kisha SP iliyoanza 2020 na SQ iliyofuata 2025. Nililitafuta lile dumu langu kwenye takataka za gereji, nikaligeuza. SF. Kwa maelezo ya API wenyewe, SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Gari la 1995, mtoto wake wa chuo kikuu, kiwango cha 1988. Nilikaa chini kwenye tairi bovu nikacheka peke yangu, kicheko cha uchungu.

Kuna kaukweli kamoja kwa wenye magari ya zamani zaidi, yale ya miaka ya 70 na 80 ambayo kemshafti inasuguana moja kwa moja na tapeti bapa. Hizo hupenda oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na kwenye oili mpya nyepesi za petroli kiasi hicho kilipunguzwa ili kulinda kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Wenye injini za namna hiyo waulize oili inayotaja jambo hilo wazi. Ila Carina ya Mzee haimo kwenye kundi hilo, kwake oili mpya ni faida tupu.

La nne, dawa za chupa. Fundi aliniuliza, "Unafikiri ndani ya oili kuna mafuta tu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Oili nzuri tayari ina dawa ndani yake: ya kusafisha, ya kushika uchafu usitulie chini, ya kuzuia msuguano, ya kuzuia kutu na povu. Aliyeitengeneza ameshapima. Wewe ukimimina chupa nyingine unavuruga mapishi ya mtu, ni kama kuongeza chumvi kwenye mboga ambayo hujaionja. Ile asali ya moshi ni kiongeza uzito tu: inaficha moshi, haigusi mpira uliokauka. Na si kwetu tu watu wanauziwa ndoto. Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilimalizana na watengenezaji wa Slick 50 mwaka 1997 kwa madai ya matangazo yasiyo na ushahidi kuhusu kulinda injini. Kama wenzetu walifika huko, sisi wa duka la pembeni tujihadhari.

Sisemi zote ni uongo. Zipo oili za magari yenye kilomita nyingi, zina viungo vya kulainisha mipira iliyokauka, na kwa injini inayovuja kidogo kidogo zinaweza kusaidia. Ila mpira uliokwisha hauponi kwa kunyweshwa. Na kusafisha injini chafu kuna njia ya upole: weka oili nzuri na filta mpya, endesha kama kilomita 1,500, mwaga, rudia. Uchafu unatoka taratibu, unanaswa kwenye filta. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa Carina baada ya chujio kusafishwa na bearing kubadilishwa. Sasa inakunywa 15W-40 yenye herufi SL, na Mzee anamwaga kila kilomita 4,000 kwa sababu teksi ya mjini inawashwa na kuzimwa siku nzima.

Mengine madogo ambayo hayagharimu chochote: pima oili kila wiki, gari likiwa pa tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, oili iwe kati ya alama mbili za kijiti. Usijaze kupita alama ya juu, nalo ni kosa. Badilisha filta kila unapomwaga. Nunua dumu ambalo sili yake haijaguswa, achana na oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiyoijua ilikotoka. Ile taa nyekundu inasoma presha, haisomi kiasi, kwa hiyo ikiwaka huku unatembea usihesabu kilomita zilizobaki, zima. Na oili chafu msimwage kwenye mtaro, jamani, maji hayo tunakunywa wenyewe.

Sasa kwa nini nimeandika leo? Ile testi niliyomaliza ilikuwa na swali kuhusu upimaji wa awali: kwa nini mwalimu ajue mwanafunzi amekwama wapi kabla ya kumfundisha upya. Niliandika kurasa mbili bila kusimama. Mhadhiri hatajua kwamba nilikuwa naandika habari za mipira kumi na sita. Wakati wa BTP mwaka jana nilikuwa na mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa anapata sifuri za hisabati, na kila mtu alikuwa anamwongezea tyusheni: ya asubuhi, ya jioni, ya Jumamosi. Nilimkalisha nikampa maswali madogo madogo. Kumbe alikwama kwenye sehemu za darasa la tano, kujumlisha nusu na theluthi. Tyusheni zote zile zilikuwa zinamiminwa juu. Sikufanya muujiza wowote, nilikumbuka tu lile chujio.

Halafu nikaona aibu. Nampima mtoto wa watu, na mwenyewe nimekaa na jambo langu halijapimwa. Jumapili iliyopita nikampigia Mzee. Tukasalimiana, akaniuliza chuo, nikamwambia, "Baba, ile siku gereji. Dawa niliweka mimi, na wewe ukasema umeweka wewe. Mimi nikanyamaza."

Akakaa kimya kidogo, nikasikia Carina inaunguruma kwa nyuma, safi, bila tik-tik.

"Gari ni langu," akasema. "Funguo nilikupa mimi." Halafu akaongeza, "Lakini umefanya vizuri kusema. Na mdogo wako mwambie wewe mwenyewe, hilo sikusaidii."

Sijamwambia bado. Akirudi likizo nitamwambia, na VICOBA ya mama imebaki marejesho mawili, hayo nimeahidi ni ya kwangu. Bumu lijalo lishapangiwa kazi, kwa hiyo mnaonidai chips mnivumilie.

Haya wadau, usiku umekwenda na kesho nina kipindi cha saa moja. Mkienda nyumbani, fungueni boneti mkaangalie kijiti. Na kama mzazi akisema gari linavuta sigara, muulizeni kwanza: asubuhi, au kila wakati?

Alamsiki.